Eugène Houdry: fundi wa esansi aliyeenda kutafuta dawa ya moshi

Chini ya kila gari ya esansi ya miaka hii, katikati ya injini na mwisho wa bomba ya moshi, kunapaswa kuwa na mkebe wa chuma, mkubwa kama mkate. Kwa magari mengine yanayotembea kati ya Kolwezi na Likasi mkebe huo bado uko. Kwa mengine ulishakatwa, bomba tupu ikachomelewa pahali pake, na vilivyokuwa ndani vikauzwa. Unaitwa katalizeri. Mtu anayehesabiwa kuwa baba yake ni Mfaransa, Eugène Houdry, na yeye alikufa mwaka wa 1962 bila kuona magari yakitoka kiwandani nao.

Historia yake inashangaza kidogo, sababu ni yeye huyo huyo aliyeifundisha dunia kupata esansi nyingi na yenye nguvu kutoka mafuta mazito. Aliwasha moto, halafu akatumia miaka yake ya mwisho kutafuta maji.

Houdry alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 mu Domont, mji mdogo karibu na Paris. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vyuma, na kijana alijua mapema kwamba kazi hiyo inamngojea. Alisoma ufundi wa mitambo kwenye shule ya Arts et Métiers, akamaliza mwaka wa 1911 akiwa wa kwanza kati ya wenzake, na medali ya dhahabu juu yake. Kwenye shule hiyo alikuwa pia kapteni wa timu ya mpira wa miguu. Wale waliomfahamu baadaye walisema alibaki hivyo maisha yote: mtu wa kukimbilia mbele na kuita wengine wamfuate.

Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta bado kijana. Alianza kwenye kikosi cha mizinga mikubwa, kisha akapelekwa kwenye vifaru, silaha mpya wakati huo. Mwezi wa Aprili 1917, karibu na Juvincourt, Wafaransa waliingiza vifaru vyao vitani kwa mara ya kwanza na mambo yakawaendea vibaya. Houdry alijeruhiwa. Alipewa heshima ya kijeshi kwa kuwa alipanga kazi ya kutengeneza vifaru vilivyoharibika huku risasi za maadui zikiendelea kupigwa. Kutengeneza mashine pahali pabaya, bila kungoja hali iwe nzuri, ndiyo kazi aliyofanya tena na tena.

Baada ya vita alirudi kwenye vyuma vya familia, lakini roho yake ilikuwa kwenye magari ya mashindano. Mwaka wa 1922 alivuka bahari hadi Marekani kuangalia mashindano ya Indianapolis na kutembelea kiwanda cha Ford. Aliona injini zinazidi kuwa na nguvu, lakini esansi haizifuati. Esansi mbaya inawaka mapema ndani ya silinda na injini inagonga. Kila dereva wa Lualaba anaujua mlio huo, gari ikipanda mlima na mzigo.

Kulikuwa na jambo lingine. Ufaransa haikuwa na visima vya mafuta, na wakubwa wake walitoka vitani na woga wa kukauka siku moja. Houdry alisikia habari za mkemia mmoja wa mji wa Nice aliyesema anaweza kutoa esansi kutoka makaa ya udongo, yale makaa laini ya rangi ya kahawia ambayo Ufaransa ilikuwa nayo. Akaacha kazi ya vyuma kidogo kidogo na kuingia kwenye jambo hilo mzima mzima, na pesa ya familia ikaingia naye.

Hapa inafaa kueleza katalizeri ni kitu gani, sababu ndiyo maisha yote ya mtu huyu. Ni kama mshenga. Vitu viwili ambavyo peke yao vingekaa mbali, vikifika juu yake vinaungana na kugeuka kitu kingine, vinaondoka, na mshenga anabaki palepale akingoja wengine. Hatumiki, haishi. Lakini anaweza kuchafuka. Mu mafuta, kaboni nyeusi inaganda juu yake kama masizi chini ya sufuria, na mara moja kazi inasimama. Wengi waliotangulia walikwama hapo. Houdry alijaribu dawa mamia, udongo wa kila namna, hadi alipoona kwamba silika na alumina zinavunja mafuta mazito vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo ni rahisi kulisema: alichoma yale masizi. Alisimamisha mafuta, akapitisha hewa ya moto, kaboni ikaungua na dawa ikarudi safi, ikaanza tena. Esansi aliyoipata aliijaribu mwenyewe mu gari yake ya Bugatti, akiipandisha milima na kusikiliza injini.

Mradi wa makaa ulikufa. Serikali ya Ufaransa ilisaidia kujenga kiwanda cha majaribio cha kutumia tani 60 za makaa kwa siku; mwaka wa 1929 kikaonyeshwa, na wakubwa wakaona gharama ni kubwa mno. Msaada ukakatwa. Houdry alikuwa na miaka 37, familia, na deni.

Waliomwita ni Waamerika. Mwaka wa 1930 kampuni ya Vacuum Oil ilimleta na vyombo vyake vya maabara, na mwaka uliofuata wakaanzisha pamoja Houdry Process Corporation. Halafu mgogoro mkubwa wa uchumi ukakausha pesa. Mwaka wa 1933 ndipo kampuni ya Sun Oil ya Philadelphia iliingia, na sababu yake ya kuingia inafaa kukumbukwa hadi mwisho wa historia hii.

Wakati huo karibu kampuni zote za Marekani zilikuwa zimepata njia ya mkato ya kunyamazisha injini zinazogonga. Tangu mwaka wa 1923 waliuza esansi iliyochanganywa na risasi, si risasi ya bunduki, ni ile madini nzito, iliyogeuzwa kuwa maji. Wafanyakazi wa viwanda vya dawa hiyo walikufa mwaka wa 1924, wengine wakipoteza akili kabla ya kufa, na waganga walipiga kelele. Biashara ikaendelea. Familia ya Pew, wenye Sun Oil, hawakutaka kuweka risasi mu esansi yao wala kuwalipa wenye dawa hiyo. Walihitaji njia nyingine ya kuipa esansi nguvu, na Houdry alikuwa nayo mkononi.

Mwaka wa 1937 kiwanda kikubwa kilianza kazi ku Marcus Hook, mu jimbo la Pennsylvania. Karibu nusu ya mafuta mazito yaliyoingia yalitoka yakiwa esansi nzuri, wakati njia ya zamani ya moto peke yake ilitoa kama robo. Ni mwaka huo huo ambapo Union Minière iliujenga mji wa Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya upande wa magharibi. Hakuna aliyeziunganisha habari hizo mbili wakati huo, na hakukuwa na sababu.

Vita ya pili ilipokuja, shaba ya Katanga ilikwenda kwa Waingereza na Waamerika, na esansi ya Houdry iliingia mu ndege zao. Ndege ya vita inahitaji esansi safi kabisa, na Marekani ilipoingia vitani, sehemu kubwa mno ya esansi hiyo ilitoka mu viwanda vya namna yake. Wakemia wake walitafuta pia njia ya kutengeneza malighafi ya mpira wa kiwandani, baada ya Wajapani kukamata mashamba ya mpira ya Asia.

Hakubaki mu maabara tu. Ufaransa ilipoanguka mwaka wa 1940 na Marshal Pétain akaanzisha serikali ya Vichy chini ya Wajerumani, Houdry aliikataa waziwazi. Aliongoza chama cha France Forever, cha Wafaransa wa Marekani waliomuunga mkono Jenerali de Gaulle. Vichy ilijibu mwaka wa 1941 kwa kumnyang'anya uraia. Mtu aliyemwaga damu yake Juvincourt akawa bila inchi. Mwanzoni mwa 1942 Marekani ilimpa uraia wake.

Baada ya vita angeweza kupumzika. Alikuwa na jina na mali. Lakini mwisho wa miaka ya 1940 habari za Los Angeles zilianza kuwasumbua watu: mji mzima ulifunikwa na ukungu unaowasha macho, mimea ikikauka, wazee wakishindwa kupumua. Mtaalamu Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo ulizaliwa na moshi wa magari na viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua. Na mu miaka hiyo hiyo saratani ya mapafu ilikuwa inaongezeka mu miji. Houdry aliamini moshi wa magari una sehemu yake. Leo inajulikana kwamba sigara ilikuwa na sehemu kubwa kumpita, lakini moshi wa mazutu nao uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2012 kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa hakika. Hakuwa mbali sana na ukweli.

Aliacha esansi. Alianzisha kampuni ndogo mu Pennsylvania, Oxy-Catalyst, na kazi yake ilikuwa moja: kumweka yule mshenga ndani ya bomba ya moshi. Moshi wa esansi unatoka na gesi ya kaboni ambayo haijaungua vizuri, ile inayoua mtu amelala mu chumba na mbabula ya makala, na mabaki ya esansi yenyewe. Houdry alipanga vijiti vya kaure, akavipaka tabaka nyembamba lenye platini, akapitisha moshi wa moto katikati yao. Juu ya platini gesi ile ya sumu inaungana na hewa na kutoka ikiwa haina sumu tena. Mabaki ya esansi yanageuka mvuke wa maji na hewa ya kaboni. Mwaka wa 1956 alipewa hati ya uvumbuzi.

Na kilifanya kazi. Kiliwekwa kwanza mu mashine ndogo za kubeba mizigo ndani ya maghala, pahali hewa haizunguki na wafanyakazi walikuwa wanaumwa kichwa kutwa nzima, na mu mabomba ya moshi ya viwanda. Kwa mashine hizo ilikuwa rahisi kuchagua esansi isiyo na risasi. Mtu wa Kolwezi anaelewa haraka: kwenye mgodi wa chini ya udongo kama Kamoto, mahali mashine za mazutu zinafanya kazi mu matundu, hewa ni swali la kila saa. Huko juu, barabarani, hakuna feni.

Barabarani ndiko aliposhindwa. Risasi ya esansi, ile Sun Oil waliikataa miaka 20 mbele, ilikuwa karibu mu kila tanki ya Marekani. Ilipita ndani ya injini, ikatoka na moshi, ikaganda juu ya platini. Kaboni Houdry alijua kuichoma. Mali yake yote ilitoka hapo. Risasi haiungui. Ikishakaa, imekaa, na baada ya muda si mrefu mkebe ni chuma tu. Alijaribu kutafuta dawa zinazovumilia sumu hiyo, na hazikutosha. Kutoka hapo haikuwa kazi ya fundi tena. Kulihitajika mtu wa kuziambia kampuni za mafuta ziache risasi, na mu miaka ile hakuna Leta iliyotaka kusema hivyo.

Houdry alikufa tarehe 18 Julai 1962 mu Upper Darby, karibu na Philadelphia, na miaka 70. Aliacha mke, Geneviève, na watoto wawili wanaume.

Mambo yaliyofuata yanaonyesha alikwama kwenye nini. California ilikuwa na sheria iliyosema: mara vifaa viwili vya kusafisha moshi vikikubaliwa, kila gari mpya itavaa kimoja. Wenye kutengeneza magari walisema haiwezekani. Mwaka wa 1964 bodi ya California ilikubali vifaa vinne, vyote vimetengenezwa na kampuni za nje, si za magari. Ghafla wenye magari wakakumbuka kwamba wanaweza, wakabadilisha injini zao kidogo kwa magari ya 1966, na vile vifaa vinne vikabaki bila kazi. Mwaka wa 1970 ndipo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hewa safi yenye meno: moshi wa sumu upungue kwa asilimia 90. Mwaka wa 1973 serikali ililazimisha vituo vikubwa viuze esansi bila risasi kabla ya katikati ya 1974. Na magari ya mwaka wa 1975 yakatoka viwandani na katalizeri, sasa ikiwa na tumbo la kaure lenye matundu madogo kama sega la nyuki. Kwanza mafuta, kisha mkebe.

Afrika ilingoja zaidi. Mu Dakar, mwezi wa Juni 2001, inchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana kuacha esansi ya risasi, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimemaliza. Inchi ya mwisho duniani kuiuza ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021, miaka 59 baada ya kifo cha Houdry.

Kwa hiyo esansi inayouzwa leo mu Kolwezi haiui tena katalizeri kwa risasi. Kinachoiua ni nyundo na msumeno. Ndani ya mkebe kuna platini, paladi na rodi, madini ghali kuliko shaba na kobalti kwa mbali, na wanunuzi hawakosi. Magari mengine yanatolewa mkebe kabla ya kupanda meli. Mwaka wa 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliona hivyo kwenye magari yaliyokuwa yanangoja kuletwa Afrika. Mwaka huo huo shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu magari ya mitumba milioni 14 yaliyotoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Kama 4 kati ya kila 10 yalikuja Afrika. Mengine yanakatwa mu garaji za huku, mara nyingi mwenye gari akiambiwa kwamba mkebe unakula esansi. Ni kweli kwamba mkebe ulioziba unalemaza gari. Mzima haulemazi kitu ambacho dereva wa taksi atakisikia. Dalili za gari iliyokatwa ni mlio mkubwa, harufu kali ya esansi hata injini ikiwa imeshapata moto, na taa ya injini isiyozima kwenye dashibodi, kama fundi hakuitoa nayo.

Kwa makamyo ya shaba na kobalti yanayopiga foleni hadi Kasumbalesa, adui si risasi, ni sufre. Kamyo za sasa za mazutu zina mkebe wao na kichujio cha masizi, na sufre nyingi mu mazutu inavichafua vyote kama risasi ilivyofanya kwa vijiti vya Houdry. Ulaya inaruhusu sehemu 10 za sufre mu milioni. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi walikubaliana sehemu 50 kuanzia mwaka wa 2015, na Congo iliingia mu Jumuiya yao ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Mwaka wa 2016 uchunguzi wa shirika la Public Eye la Uswisi ulionyesha mazutu chafu, isiyoweza kuuzwa Ulaya, ikiuzwa mu inchi nane za Afrika, na jirani Zambia ikiwa moja yao. Sehemu ya mazutu ya Katanga inapita mu Zambia hiyo hiyo.

Kuna jambo moja ambalo Houdry, mtu wa dawa za mafuta, angelielewa kuliko wote. Sufre inaondolewa mu mazutu kwenye viwanda vikubwa vya ng'ambo kwa katalizeri, na ile inayotumika mingi imetengenezwa kwa molibdeni na kobalti. Kobalti nyingi zaidi ya dunia inatoka Congo, na Lualaba ndilo jimbo lake kubwa.

Hati yake ya uvumbuzi ilikuwa na maisha ya miaka 17 kwa sheria ya Marekani ya wakati ule. Iliisha mwaka wa 1973, kabla magari hayajaanza kutoka viwandani na mkebe wake.